Barabara za kasi za Japani: Ahadi ya kufuta ada yasubiri mwaka 2115

Japani ni taifa la maelfu ya visiwa, ingawa wakazi wake wengi huishi katika vinne vikubwa: Honshu, Hokkaido, Kyushu na Shikoku. Kwa miaka mingi uchukuzi wake ulitegemea reli na meli, huku barabara zikipuuzwa.

Mwaka wa 1956 serikali iliwaalika wataalamu wa Marekani, wakiongozwa na Ralph Watkins, kuchunguza mpango wa kujenga barabara ya kasi kati ya Nagoya na Kobe. Walikuta asilimia 77 ya barabara kuu za ngazi ya kwanza hazina lami. Walisema hakuna taifa jingine la viwanda lililozitelekeza barabara zake kiasi hicho.

Kwa kuwa hazina ya serikali haikuweza kuubeba mzigo huo, mwaka huo huo liliundwa shirika la umma lenye idhini ya kukopa, kujenga na kutoza magari ada. Wananchi waliahidiwa kwamba deni likiisha, ada itafutwa.

Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa kwanza wa dola milioni 40 mwaka wa 1960. Kilomita 71 za kwanza za barabara hiyo, iitwayo Meishin, zilifunguliwa Julai 1963, na yote ikakamilika mwaka wa 1965. Ile ya Tomei, inayotoka Tokyo kuelekea Nagoya, ilikamilika mwaka wa 1969.

Hata hivyo, mwaka wa 1972 utaratibu ulibadilishwa. Mapato ya barabara zote yaliwekwa katika kapu moja, hivyo zenye magari mengi zikagharimia ujenzi wa nyingine mashambani na milimani. Maeneo ya mbali yalinufaika, lakini kila barabara mpya ilileta deni jipya.

Kuviunganisha visiwa kuligharimu zaidi. Mnamo Mei 1955, feri ya Shiun Maru ilizama kati ya Honshu na Shikoku na kuua watu 168, wengi wao wanafunzi. Mkasa huo uliongeza shinikizo la kutaka daraja, na lile la Seto likafunguliwa mwaka wa 1988. La Akashi Kaikyo, lenye nafasi ya mita 1,991 kati ya minara yake miwili, lilifuata mwaka wa 1998. Magari yaliyovuka yalikuwa machache kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka wa 2003 serikali ililazimika kubeba zaidi ya yeni trilioni 1 za deni la madaraja hayo.

Mashirika ya barabara yalipobinafsishwa mwaka wa 2005, ilielezwa kwamba deni lingemalizika kufikia mwaka wa 2050. Kisha, Desemba 2012, dari ya zege ya njia ya chini ya mlima ya Sasago iliporomoka na kuua watu tisa. Ilidhihirika kwamba barabara zilizojengwa kwa mikopo zimezeeka na zinahitaji fedha nyingine. Mwaka wa 2014 muda wa kutoza ada uliongezwa hadi 2065, na mwaka wa 2023 sheria ikaruhusu ada hadi 2115.

Barabara hizo ziliiinua Japani kiuchumi, lakini hesabu ya awali ilitaja gharama ya kujenga na kusahau ile ya kuzifanya upya zikizeeka. Dereva aliyezaliwa mwaka Meishin ilipofunguliwa sasa amepita umri wa miaka 60, na angali analipa.