Mshahara wa Kapera

Ukitaka kujua kama mshahara wa kibarua wa Eldoret unamtosha, muulize kwanza kama kwao kuna shamba. Swali hilo ni la tangu enzi za walowezi.

Makaburu walipoingia Uasin Gishu mwaka 1908, Eldoret ilikuja kujulikana kwa namba ya shamba, 64. Ndiyo maana wazee bado husema Sisibo. Sheria ya 1918 iliwataka maskwota, Waafrika walioishi kwenye mashamba ya walowezi, wamfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Ujira ulikuwa mdogo, na hoja ilikuwa moja: si wamepewa pa kulima na kulisha ng'ombe?

Hoja hiyo ikahamia mijini. Kima cha chini cha mshahara kilipoanza kuwekwa miaka ya 1940, kilipigiwa hesabu ya mwanamume mmoja: chakula chake, nguo, sabuni na kuni, basi. Mke na watoto? Wako kijijini, wanajilisha. Kwa maneno mengine, jembe la mama ndilo lililokuwa likimlipia mwajiri nusu ya gharama. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter, iliyoundwa na serikali yenyewe ya kikoloni, ilikiri kuwa mshahara wa kapera haulei familia, ikapendekeza upandishwe hatua kwa hatua hadi mara mbili na nusu.

Baada ya uhuru vilikuja viwanda vya nguo kama Rivatex, lakini gunia la mahindi kutoka nyumbani halikuacha kuingia mjini kwa matatu. Ndilo nyongeza ya mshahara isiyoandikwa popote.

Mei 2022 kima cha kibarua wa kawaida kilifika shilingi 15,201.65 Nairobi, Mombasa na Kisumu. Katika manispaa, 14,025.40, bila posho ya nyumba. Eldoret ilikuwa bado manispaa, kana kwamba unga huku ni wa bei ya chini. Ukanda huu ni ghala la mahindi, ni kweli, ila anayepimiwa kwa kopo la gorogoro hanunui kwa bei ya gunia, na kodi ya chumba mtaani Langas haingoji mavuno.

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ikawa jiji. Wanaopanga mishahara sasa waanze hesabu yao kwa mpangaji wa Langas mwenye watoto na asiye na shamba popote.