Kudarizi

Darizi, pamoja na nduguye tarizi litokalo Kiarabu, si kushona tu: kushona ni kuunganisha, ama kudarizi ni kuipamba nguo kwa uzi, nami sipendi neno hili adhimu lihusishwe na kofia za mkono peke yake. Hata bibi aliyeketi nyumbani kwake Kuze, Mombasa, mbele ya cherehani, hudarizi, maadamu ameyashusha meno yasukumayo nguo, ameuondoa mguu wa kawaida uikandamizao, na ameiwamba nguo katika duara la mti ikakaza kama ngozi ya ngoma, mikono yake ikaliongoza ua kila upande. Lakini wenzo wa mguu, ijapokuwa mguu wenyewe haupo, sharti uteremshwe, kwani ukibaki juu uzi hulegea, ukafanya vifundo chini ya nguo.