Sauti au sura: zaidi ya karne moja ya ugomvi sebuleni

Mwaka 1956 kampuni ya Braun ya Frankfurt, Ujerumani, ilikwama kwenye kifuniko. Mashine yenyewe, redio na kicheza santuri ndani ya sanduku moja, ilikuwa karibu kukamilika: mwili wa bati lililopakwa rangi nyeupe, na ubao kila upande. Kifuniko nacho kilikusudiwa kuwa cha bati, lakini kila sauti ilipopandishwa kilitetemeka na kulia pamoja na muziki. Dieter Rams, mbunifu kijana aliyeajiriwa mwaka mmoja tu kabla, akapendekeza plastiki angavu. Mlio ukaisha. Mashine hiyo, SK4, iliyochorwa na Rams pamoja na Hans Gugelot, ikapewa jina la utani la jeneza la Snow White, yule binti wa ngano za Kijerumani aliyelazwa ndani ya kioo. Utani haukuizuia kitu. Miaka michache baadaye kifuniko angavu kilikuwa vazi la kawaida la vicheza santuri duniani.

Watu wengi huikumbuka SK4 kwa uzuri wake na kusahau kwamba uzuri huo ulizaliwa na kero ya sauti. Ndivyo ilivyo historia nzima ya vyombo vya muziki vya nyumbani. Sura na sauti hugombea kitu kimoja, nacho ni nafasi. Besi ni hewa inayosukumwa, na kitu kidogo hakisukumi hewa nyingi bila gharama kulipwa mahali pengine. Kila kizazi cha wabunifu kimejaribu kulikwepa deni hilo, na kila mara limedaiwa upya kwa njia nyingine.

Bomba laingia kabatini

Deni la kwanza kubwa lilikopwa mwaka 1906. Hadi wakati huo gramafoni ilikuwa chombo kisichojificha: sindano inafuata mfereji wa santuri, kiwambo kidogo kinatetemeka, na bomba refu lililopanuka mdomoni linaukuza mtetemo huo. Hapakuwa na umeme wala amplifaya, bomba ndilo lililofanya kazi yote. Tatizo ni kwamba lilichomoza katikati ya chumba, likakusanya vumbi na kugongwa na kila anayepita.

Kampuni ya Victor ya Camden, New Jersey, chini ya Eldridge Johnson, ikalikunja bomba kuelekea chini na kulifungia ndani ya kabati la mbao. Mashine ikaitwa Victrola. Ukitaka sauti kubwa, unafungua milango ya mbele. Ukitaka ndogo, unairudishia. Bei ilikuwa dola 200, fedha nyingi kwa wakati ule, na bado wateja waligombania mashine hizo. Jina hilo lilienea hata Wamarekani wakawa wanaita Victrola gramafoni yoyote ya kabati, iwe imetengenezwa na nani.

Waliolipa ni masikio. Bomba lililotosha ndani ya kabati lilikuwa fupi, na bomba fupi halibebi sauti nzito. Ilichukua takriban miaka ishirini kulipata jibu, na lilitoka kwa wahandisi wa simu. Joseph Maxfield na Henry Harrison walipiga hesabu ya namna bomba linavyopaswa kupanuka hatua kwa hatua ili sauti nzito zisipotee njiani. Mwaka 1925 Victor ikauza mashine za Orthophonic zilizofuata hesabu hiyo. Katika kubwa yao, Credenza, bomba la takriban futi 6 lilikunjwa mara kadhaa ndani ya kabati ambalo mgeni angelidhani la vyombo. Safari hii kabati lilichorwa kulizunguka bomba, na tofauti ilisikika.

Hata hivyo kulikuwa na wasiotaka kabati hata kidogo. Huko London, kampuni ndogo ya EMG iliwatengenezea wapenzi wa muziki gramafoni kwa mkono, zikiwa na mabomba ya karatasi iliyogandishwa yenye mdomo wa zaidi ya nusu mita. Yalitawala chumba kizima. Wenyewe hawakujali, walichotaka ni kusikia zeze na piano kama zilivyopigwa.

Mwambao wa Afrika Mashariki nao ulikuwa soko la santuri wakati huohuo. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, na santuri zake zilisikika kwenye gramafoni za kuzungushwa kwa mkono Zanzibar na kwingineko pwani. Sauti iliyomfikia msikilizaji ilitegemea bomba la mashine yake lilikuwa na urefu gani.

Chagua mawili kati ya matatu

Umeme ulipoingia, amplifaya ikachukua kazi ya bomba, lakini hewa ilibaki ileile. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliyetaka besi ya kweli nyumbani alihitaji sanduku la spika lenye ukubwa wa friji. Mmarekani Paul Klipsch alikuwa amepata ujanja wake mwaka 1946: spika ya kukaa kwenye kona, ambayo kuta mbili za chumba zinakuwa sehemu ya bomba. Ujanja mzuri, ila chumba lazima kiwe na kona iliyo wazi.

Mwaka 1954 Edgar Villchur akaja na njia nyingine. Katika spika yake, AR-1, alilifunga sanduku lisipitishe hewa, na hewa iliyonaswa ndani ikawa springi ya kuirudisha koni mahali pake. Sanduku dogo likatoa besi iliyowashangaza mafundi, na spika ikapanda kwenye rafu pamoja na vitabu. Mwenzake Villchur katika kampuni, Anton Hofmann, ndiye aliyeeleza bei ya mafanikio hayo kwa kanuni ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake: sanduku dogo, besi ya chini, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Chagua mawili, la tatu utalikosa. AR-1 ilichagua udogo na besi, kwa hiyo ilidai amplifaya yenye nguvu.

Kanuni hiyo ikawa na uzito zaidi santuri za stereo zilipoanza kuuzwa mwaka 1958, kwa kuwa sasa kila nyumba ilitakiwa kuwa na spika mbili. JBL ya Marekani iliamua kuacha udogo kabisa. Paragon yake ilikuwa fanicha moja yenye upana wa karibu meta 2.7, spika za kushoto na kulia zikiwa ndani yake. Mbele kulikuwa na ubao mkubwa uliopindwa. Mtu akiutazama anaona pambo, kumbe ndio unaozirudisha sauti na kuzitawanya ili hata aliyekaa pembeni asikie stereo. Mbunifu Arnold Wolf aliutumia mpindo uleule kwa kazi zote mbili. Paragon ziliendelea kutengenezwa kwa mkono hadi mwaka 1983.

Uingereza, Peter Walker wa Quad alikwenda upande wa pili. Spika yake ya mwaka 1957 haikuwa na sanduku wala koni, ilikuwa na utando mwembamba wa plastiki wenye chaji ya umeme, uliowekwa katikati ya sahani zenye matundu. Ilisifiwa kwa usafi wa sauti ya binadamu na ikatengenezwa hadi mwaka 1985, ingawa wengi waliifananisha na hita ya chumbani. Braun walinunua haki ya kuitumia teknolojia hiyo, na Rams akaichorea umbo tambarare lenye miguu myembamba ya chuma, LE1. Ndani ni mfumo uleule. Nje, moja ilionekana hita, nyingine ikaonekana kazi ya sanaa. Hapo sura iliongezwa bila sauti kudhulumiwa, maana Rams hakukigusa kile kinachotoa sauti. Wala hakuweza kuiondoa kero moja: spika hiyo lazima isogezwe mbali na ukuta, iwe imevaa vazi gani.

Wadenmark na Waskoti

Mabishano makali zaidi yalikuja miaka ya 1970. Bang & Olufsen ya Denmark, iliyoanzishwa mwaka 1925, ilitoa kicheza santuri cha Beogram 4000 mwaka 1972, kazi ya mbunifu Jacob Jensen. Mkono wake wa sindano hauzunguki kwenye egemeo moja kama mingine, unasafiri kwa mstari mnyoofu kuelekea katikati ya santuri, kama kisu cha kuchongea santuri kinavyosafiri kiwandani. Hoja ya kiufundi ndiyo iliyoupa mstari ule wa chuma uzuri wake. Mwaka 1978 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York lilifanya maonyesho ya vyombo vya Jensen kwa kampuni hiyo.

Wapinzani walisema mnunuzi wa vyombo hivyo analipia chuma cha kung'aa. Kambi yao ilipata kipenzi huko Glasgow, ambako Ivor Tiefenbrun aliuza Linn Sondek LP12, kicheza santuri chenye fremu ya mbao ya kawaida, fedha zote zikiwa zimeingia kwenye ekseli na springi. Lakini unyenyekevu huo nao ukageuka mtindo. Baada ya muda, sanduku la mbao lisilo na madoido lilitangaza hadhi ya mwenyewe sawasawa na chuma cha Denmark.

Namba kwenye stika

Wakati huo deni la spika ndogo lilikuwa likilipwa kwa wati. Transista zilifanya nguvu kuwa rahisi, kampuni za Japani na Marekani zikashindana kwa namba, na namba zikaanza kudanganya. Mwaka 1974 serikali ya Marekani ililazimika kuweka kanuni ya namna wati za amplifaya zinavyopimwa kabla ya kutangazwa.

Kanuni hiyo haikufika soko la Kariakoo. Huku kwetu anayetawala sebule ni sabufa: sanduku moja la besi na spika ndogo mbili au zaidi. Wazo lake ni la zamani kiasi, na Bose ya Marekani ililipa umaarufu mwaka 1987 kwa Acoustimass, vijisanduku vya kushika kiganjani na boksi la besi la kuficha nyuma ya kochi. Linafanya kazi kwa sababu sikio haliwezi kutambua besi ya chini inatoka upande gani. Lakini kanuni ya Hofmann haijafutwa. Vijispika vikiwa vidogo mno haviwezi kushuka hadi boksi linapoanzia, na katikati linabaki pengo. Humo ndimo ilimo sauti ya mwanamume anayeimba. Stika ya PMPO, yaani nguvu ya kilele, yenye maelfu ya wati haizibi pengo hilo, wala taa zinazomulika kwa kufuata mdundo.

Kwa hiyo anayekwenda dukani asiogope kupenda kitu kizuri. Aangalie tu uzuri umechukua nafasi ya nani. Rangi, mbao, miguu na kifuniko havina madhara. Udogo una madhara, na wembamba pia, mpaka muuzaji aonyeshe ulivyofidiwa. Njia ya kupima ni kubeba wimbo unaoujua kwa moyo, wenye mtu anayeimba, na kuomba sabufa ipunguzwe besi hadi katikati. Maneno yakisikika vizuri, chombo hicho kinafaa hata kama ni kizuri. Yakimezwa, hata kabati la dola 200 lisingekisaidia.