Upimaji wa Shughuli za Mwili kwa Wazee

Shughuli za mwili za wazee hupimwa kwa dodoso au kifaa kinachovaliwa mwilini. Dodoso la Shirika la Afya Duniani (WHO) lina maswali 16 kuhusu kazi, safari na mapumziko. Lina gharama nafuu, lakini hutegemea kumbukumbu. Kwa mzee wa Endamarariek, wilayani Karatu, anayepalilia na kuchunga, kukadiria dakika si rahisi. Kifaa hurekodi mwendo au mapigo ya moyo, ila hakielezi kazi iliyofanyika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulitumia vipima mapigo kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Ulibaini wastani wa dakika 135 za shughuli kwa siku, bila kupungua uzeeni. WHO inapendekeza walau dakika 150 kwa wiki.