Ujuzi Ukigawanywa Haupungui



Katika kuadhimisha miaka kumi ya chama chetu, kamati iliniomba niandike kidogo juu ya historia. Mambo ya hisa na mikopo wenzangu wameyaeleza. Mimi nitaandika juu ya akina mama waliotutangulia, kwa sababu kuna jambo tulipaswa kujifunza kwao mapema, nasi tukachelewa.

Tarehe 5 Juni 1977, Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya waliandamana hadi Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa shirika la Green Belt. Akina mama wa mashambani walikuwa wanataabika kwa kukosa kuni na maji, nao wakaipokea kazi hii kwa moyo. Mwanzoni Idara ya Misitu iliahidi kuwapa miche ya bure, lakini haukupita mwaka ikalemewa na wingi wa miche iliyoombwa. Ikabidi akina mama waoteshe wenyewe.

Maofisa wa misitu wakaja kuwafundisha. Wakasema juu ya mwinamo wa ardhi, miale ya jua, kina cha kitalu, kiasi cha changarawe na vifaa maalum. Wengi wa akina mama hawakuwa wamesoma, na maneno hayo yaliwapita juu. Maathai alikuwa amepata shahada ya udaktari mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, lakini hata yeye aliona mambo yamefanywa magumu bure. Akawaambia watumie akili zao. Kwani si wao waliokuwa wakipanda mahindi na maharagwe miaka yote?

Basi wakajaribu. Wengine walipanda mbegu katika vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu mahali mbuzi na kuku hawafiki. Waliangalia miti ya kwao inachanua lini, wakaokota mbegu zake. Tena walichokigundua hawakukificha: kikundi kilichojua kilikwenda kufundisha kikundi jirani. Maathai aliwaita maofisa wa misitu wasio na diploma. Walilipwa senti chache kwa kila mche ulioshika, si uliopandwa tu, kwa hiyo waliitunza miti yao.

Maathai alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, miti ilikuwa imepita milioni 30. Alifariki mwaka 2011, lakini kazi haikufa naye. Ingekufaje, na ujuzi wenyewe ulikuwa mikononi mwa maelfu?

Sasa nirudi kwetu. Wazee wa chama mtakumbuka mwaka wetu wa tatu, mweka hazina alipolazwa hospitali mwezi mzima. Daftari lilikuwepo na pesa zilikuwepo, lakini kati yetu hakuna aliyeweza kuzisoma zile hesabu. Mama mmoja alikuja kuomba mkopo wa karo, akarudi nyumbani mikono mitupu, na mtoto akakaa nyumbani wiki mbili. Mweka hazina hakuwa mchoyo, jamani. Sisi ndio tuliona raha kumwachia yeye mzigo wote, na yeye akaona ni heshima kuubeba peke yake.

Tangu hapo tuliweka kanuni kwamba kila mwenye cheo afundishe wawili, na hesabu zisomwe kwa sauti mbele ya wote. Mwanzoni mikutano ilikuwa mirefu, wengine wakanung'unika. Leo wanachama tisa wanaweza kuandika daftari, na wawili kati yao walijifunza kusoma humu humu chamani.

Dada zangu, hela ukimgawia mwenzako zinakupungukia. Ujuzi ukimgawia, mnabaki nao nyote wawili. Miaka kumi ijayo tusiwe na mtu ambaye akiugua, chama nacho kinaugua.

Mungu atubariki sote.