Nyaya Tatu za Mpiga Kamera

Kamera ya Eyemo, ambayo kampuni ya Bell & Howell ya Chicago ilianza kuiuza mwaka 1925, haina mahali pa kuweka betri. Ubavuni ina ufunguo. Mpiga picha huuzungusha kama atiaye saa ya ukutani ufunguo, springi ikakaza, naye akapiga kwa nusu dakika hivi kabla ya kuuzungusha tena. Kabla yake, Mpolandi Kazimierz Prószyński alikuwa amebuni Aeroscope, kamera iliyoendeshwa na hewa iliyoshindiliwa kwa pampu. Iliingia katika mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Mwingereza Cherry Kearton, aliyejulikana kwa filamu zake za wanyama wa Afrika, aliipenda. Nazitaja mapema kamera hizi mbili kwa sababu zinavuruga simulizi tuliyoizoea, kwamba mpiga kamera alianza amefungwa ukutani na ufundi ukamfungua hatua kwa hatua. Alianza akiwa huru. Alikuja kufungwa baadaye, na sehemu kubwa ya historia ya betri za kamera na ya mitambo ya kurusha picha bila waya ni historia ya kumrudishia alichokuwa nacho. Ila kilichorudi kina sura nyingine. Miguu imefunguliwa, na jicho limepata wenyewe wengi.

Aliyemfunga ni sauti. Filamu zenye maneno zilipoenea baada ya mwaka 1927, springi haikufaa tena, maana mwendo wake hubadilika kadiri inavyolegea, na midomo ya mwigizaji haina budi kwenda sawa na maneno yake. Kamera ikapewa mota ya umeme, mota ikaunganishwa kwa waya na mashine ya kurekodia, na kwa kuwa mota ilivuma, kamera na mpigaji wake wakafungiwa ndani ya kibanda. Huu ndio waya wa kwanza, waya wa sauti, na uliwashikilia watu kwa zaidi ya miaka 30. Hata mwaka 1960, Robert Drew na wenzake Richard Leacock, D. A. Pennebaker na Albert Maysles walipomfuata John Kennedy katika kampeni za Wisconsin na kutengeneza filamu ya Primary, kamera nyepesi na kinasa sauti vilikuwa bado kama mbuzi wawili kwenye kamba moja: mmoja akienda kushoto, mwingine hana budi kumfuata. Kinasa sauti chenyewe kilikuwa kimeshapata uhuru wake. Nagra III ya Stefan Kudelski, iliyotoka Uswisi mwaka 1958, ilitembea kwa betri 12 za tochi. Kilichobaki ni kuzifanya mashine mbili ziende hatua moja bila kushikana mikono.

Jibu lilitoka kwenye saa ya mkononi. Mwaka 1960 kampuni ya Bulova ilitoa saa ya Accutron, ambayo ndani yake mna uma mdogo wa chuma unaotetemeka mara 360 kwa sekunde kwa nguvu ya betri ndogo sana. Leacock na wenzake waliona kwamba ukiipa kamera saa ya namna hiyo na kinasa sauti nyingine yake, waya hauna kazi tena. Wachezaji wawili walio mbalimbali watakwenda sawa ikiwa kila mmoja anaisikia ngoma ileile. Baadaye fuwele za kwatzi zilichukua nafasi ya saa, na waya wa kwanza ukawa umekatika. Aliyeshika kamera aliweza kuingia mlangoni nyuma ya mgombea, na mwenye maikrofoni akabaki ukumbini.

Waya wa pili ulikuwa mgumu zaidi kwa sababu ulibeba mambo mawili kwa pamoja. Kamera ya filamu huihifadhi picha tumboni mwake. Kamera ya televisheni ya zamani ilikuwa tundu tu: ilipeleka picha kwenye gari la mitambo kwa kebo nene, na kwa kebo hiyohiyo ikapokea umeme. Jaribio la kuikata lilianza mapema. Katika mikutano mikuu ya vyama vya siasa vya Marekani iliyofanyika Chicago mwaka 1952, RCA na NBC walileta kamera ya mkononi iliyopewa jina la utani “walkie-lookie”, ikirusha picha kwa redio kutoka kwenye mzigo uliobebwa mgongoni. Ilionyesha kwamba jambo linawezekana, na papo hapo ikaonyesha kwa nini halikuenea: vali za kioo za wakati huo zilikula umeme kama moto unavyokula makuti, na betri zilizohitajika zilimgeuza mpiga kamera kuwa mpagazi.

Hapa inafaa kwenda mbali kidogo, hadi mwezini, kwa kuwa hakuna mahali ambapo bei ya umeme ilionekana wazi kama kule. Chombo kilichowashusha Neil Armstrong na Buzz Aldrin Julai 1969 kiliendeshwa kwa betri pekee, za fedha na zinki. Kamera ya Westinghouse waliyokuwa nayo ilipewa wati zipatazo 6 na nusu, na mkondo mwembamba wa redio wa kupitishia picha zake. Kwa sababu ya uchache huo ilitoa picha 10 kwa sekunde zenye mistari 320, wakati televisheni ya Marekani ilitumia picha 30 zenye mistari 525. Ukungu tunaouona katika picha zile ulianzia kwenye hesabu hiyo, kabla ya lenzi kuona chochote, ukazidi zilipokuwa zikibadilishwa duniani ziingie katika mfumo wa kawaida wa matangazo. Na kamera ilikuwa na waya. Umbali wote ule kutoka duniani, waya wa kamera ulinasa mguu wa Armstrong, na Aldrin akalazimika kumwelekeza namna ya kujinasua.

Safari tatu za mwisho, Apollo 15 hadi 17, zilikwenda na gari. Gari lilikuwa na betri mbili za volti 36 na antena iliyofunguka kama mwavuli, na kamera iliyofungwa juu yake ilirusha picha moja kwa moja duniani. Waya ulikatika kabisa. Aliyeigeuza kamera hiyo ni Ed Fendell, aliyekaa kwenye chumba cha udhibiti Houston na kutuma amri kwa redio. Wanaanga waliinamia mawe yao huku jicho likitazama Houston ilikotaka. Tarehe 14 Desemba 1972, chombo cha Apollo 17 kilipopaa kutoka mwezini, Fendell alikifuata kwa kamera hadi juu, na kwa kuwa redio huchukua zaidi ya sekunde moja kufika kule, alilazimika kutuma kila amri kabla ya tendo analolipiga. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu wa jambo ninalolisema. Siku picha ilipopata njia yake bila waya, uamuzi wa wapi pa kutazama ulipata njia ya kuhama pamoja nayo.

Duniani mambo yalikwenda hivyohivyo kwa mwendo wa polepole. Mwaka 1972 Ikegami ya Japani ilileta HL-33, kamera ya bega iliyokuwa bado na mzigo wa mgongoni. Mwaka 1976 TK-76 ya RCA iliingiza kila kitu katika mwili mmoja wa kilo 9 hivi. Katikati ya tarehe hizo, Mei 17, 1974, polisi wa Los Angeles waliizingira nyumba ya kundi lenye silaha la Symbionese Liberation Army, na kituo cha KNXT kilirusha mapambano hayo yakiendelea, kwa kamera ya mkononi na mawimbi ya maikrowevu, huku vituo vingine vikichukua picha zake. Linganisha na Zanzibar miaka 10 tu nyuma. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipigwa na Mohamed Amin, kijana Mkenya, katika enzi ambayo filamu ya habari za Afrika Mashariki ilibidi isafirishwe kwa ndege hadi London na kusafishwa kabla ya mtu yeyote kuiona. Kati ya tukio na mtazamaji palikuwa na siku nzima au zaidi, na katika muda huo mpiga picha ndiye aliyekuwa shahidi pekee wa alichokipiga. Los Angeles nafasi hiyo ilikuwa imeshafutika.

Atakuwapo wa kusema kwamba naipa betri sifa isiyo yake: kamera zilipungua uzito kwa sababu ya transista, na baadaye chipu zilizochukua nafasi ya vali za picha. Ni kweli kwamba bila hizo hakuna betri ambayo ingetosha. Lakini tazama kila wati iliyookolewa ilikwenda wapi. Ilikwenda kwenye skrini, kwenye mota za lenzi, kwenye mitambo ya kurushia. Betri ya nikeli na kadimi, iliyobuniwa na Msweden Waldemar Jungner mwaka 1899, ndiyo iliyobeba televisheni ya bega, na kampuni ya Anton/Bauer, iliyoanzishwa Connecticut mwaka 1970, iliisaidia kuzoeleka katika umbo la tofali linalobandikwa nyuma ya kamera, ambako uzito wake unasawazisha uzito wa lenzi. Seli 12 za volti 1.2 hutoa volti 14.4. Betri ya ayoni za lithiamu, ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991, ina volti 3.6 kwa seli, na seli nne hutoa 14.4 ileile. Kwa bahati ya kikemia, teknolojia mpya iliingia katika kiti cha ile ya zamani bila kumlazimisha mtu kununua kamera nyingine. Siku hizi umbo lake linaamuliwa pia na mashirika ya ndege: abiria haruhusiwi kubeba betri ya zaidi ya wati-saa 100 bila kibali, ndiyo maana matofali mengi huandikwa 98.

Waya wa tatu, wa picha, ulikuwa wa mwisho kukatika katika filamu za kuigiza. Tangu Garrett Brown alipoleta Steadicam katikati ya miaka ya 1970, mpigaji aliweza kupanda ngazi akikimbia, ila mwongozaji aliyetaka kuona alimvutia kebo nyuma au aliridhika na picha ya redio yenye chenga. Mitambo ya dijiti iliondoa chenga na kuleta ucheleweshaji, kwa sababu kuibana picha ili ipite hewani kunachukua muda. Kampuni ya Amimon ya Israeli, iliyoanzishwa mwaka 2004, ilitengeneza chipu zinazorusha picha bila kuibana kwa namna ile, na mwaka 2013 Teradek ya California ilizitumia katika mtambo wake wa Bolt: ucheleweshaji chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, katika masafa ya gigahezi 5 ambayo Wi-Fi na rada hugombania pia. Muda huo mdogo ulibadilisha kazi ya mtu mmoja kuliko wengine wote, yule msaidizi wa kurekebisha fokasi. Zamani alisimama ubavuni mwa lenzi na kupima umbali kwa futi ya mkanda. Leo aweza kukaa chumba cha pili, macho kwenye skrini na gurudumu mkononi. Picha ikichelewa hata robo sekunde, mwigizaji ameshapita na fokasi imebaki nyuma yake.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba kuonekana na wengi si hasara: filamu ni kazi ya watu wengi, na mwongozaji anayeona akiwa palepale hurekebisha kosa kabla seti haijavunjwa. Nakubali kwa filamu za kuigiza. Kwa habari siko tayari kukubali haraka hivyo. Tangu LiveU ilipoanzishwa mwaka 2006 na mikoba inayogawa picha katika laini kadhaa za simu kwa pamoja, chumba cha habari cha Nairobi au Dar es Salaam kinaweza kuona anachokiona mpiga kamera wilayani, na kumwambia sikioni ageuke. Yeye ndiye anayenusa moshi wa mabomu ya machozi na kujua umati unaelekea wapi. Aliye ofisini anaona mstatili tu. Katika tofali la wati-saa 98 lililo mgongoni mwa kamera, sehemu moja ya umeme inapiga picha, na sehemu nyingine, anayoibeba yeye kwa bega lake, inawafikia walio mbali wanaomwambia pa kuielekeza lenzi.