Tovuti salama haijui neno lako la siri

KILA siku mamilioni ya watu huandika jina na neno la siri ili kuingia katika tovuti za barua pepe, benki na maduka. Wengi huamini kuwa tovuti hulihifadhi neno hilo kama lilivyo. Tovuti iliyojengwa ipasavyo haifanyi hivyo.

Mfano mzuri ni Django, kiunzi cha kujengea tovuti kilichoanza mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World la Kansas, Marekani, na kutolewa bure kwa umma mwaka 2005. Kiunzi ni mkusanyiko wa programu zilizokwisha kuandikwa, ili mjenzi wa tovuti asianze upya kila kazi. Miongoni mwake imo sehemu ya kushughulikia akaunti za watumiaji.

Mtu anapojiandikisha, neno lake hupitishwa katika hesabu maalumu na kugeuka mfuatano wa herufi na tarakimu. Mfuatano huo ndio unaohifadhiwa. Kama vile unga usivyoweza kurudi kuwa punje za mahindi, nao haurudishiki kuwa neno. Mtumiaji akirejea, analoandika husagwa upya. Matokeo yakilingana, huruhusiwa kuingia.

Kabla ya kusagwa, neno huongezewa herufi za kubahatisha ziitwazo "chumvi", tofauti kwa kila akaunti. Hivyo hata watu wawili wakichagua neno moja, kumbukumbu zao hazifanani, na mwizi hawezi kutumia orodha aliyoiandaa mapema.

Aidha, hesabu hurudiwa makusudi. Toleo la 1.4 la Django, la mwaka 2012, liliirudia mara 10,000. Toleo la 5.2, la mwaka 2025, huirudia mara 1,000,000. Mtumiaji halali huchelewa kidogo tu, lakini mwizi anayekisia maneno mamilioni hugharimika sana.

Baada ya kuingia, kivinjari hupewa kuki yenye namba ya utambulisho, ambayo katika Django hudumu wiki mbili mjenzi asipobadili. Anayeipata namba hiyo anaweza kuingia bila neno la siri. Ndiyo maana anayetumia kompyuta ya wengi hana budi kubonyeza "Toka" anapomaliza.

Madhara ya kupuuza kanuni hizi yanajulikana. Mwaka 2009 wadukuzi waliiba maneno ya siri zaidi ya milioni 32 ya kampuni ya RockYou, yote yakiwa yamehifadhiwa wazi. Mwaka 2012 ikawa zamu ya LinkedIn, ambayo iliyasaga maneno bila chumvi. Mengi yalikisiwa upesi. Kwa kuwa watu wengi hutumia neno moja kila mahali, wizi wa tovuti moja hufungua milango ya nyingine.

Hata hivyo, hakuna chumvi inayoweza kuokoa neno kama "123456", lililoongoza kwa wingi katika orodha ya RockYou. Huwa miongoni mwa makisio ya kwanza ya mwizi.

Msomaji anaweza kuipima tovuti mwenyewe. Abonyeze "Nimesahau neno la siri". Akitumiwa kiungo cha kuweka neno jipya, hiyo ni dalili njema. Akitumiwa neno lake la zamani, ajue kuwa tovuti hiyo inaweza kulisoma, na yeyote atakayeivamia ataweza pia. Neno hilo alibadilishe popote pengine alipolitumia.